Tangazo la watoto wa mbwa linalotia shaka: nitoe taarifa kwa nani, na kwa ushahidi gani?

Muulizaji

Nawasalimu nyote. Naomba ushauri juu ya jambo lililoninyima utulivu. Nilikuwa natafuta mtoto wa mbwa wa kufuga nyumbani, nikakutana na tangazo mtandaoni lililoonekana la kawaida kabisa: picha nzuri, na maelezo kwamba watoto wamelelewa ndani ya nyumba pamoja na familia, wamechanjwa, wamepewa dawa ya minyoo na wametimiza wiki 8. Nilipoomba kuwaona wakiwa na mama yao, muuzaji alijibu kwamba mama amepelekwa kwa ndugu akapumzike, kisha akapendekeza tukutane kwenye maegesho ya magari, eti nyumba yake ni vigumu kuipata. Nilikwenda. Alikuja na katoni yenye watoto watatu, wote wachafu, manyoya ya tumboni yamegeuka manjano kwa mkojo, na mmoja wao hakuinua hata kichwa nilipomgusa. Sikununua.

Baadaye niliitafuta namba yake ya simu mtandaoni nikaikuta kwenye matangazo ya mbwa wa aina nyingine kabisa, kila tangazo likiwa na jina tofauti la muuzaji. Aidha, katika video fupi aliyonitumia mwanzoni, mtoto anacheza juu ya zulia safi, lakini nyuma yake wanasikika mbwa wengi wakibweka na unaonekana ukingo wa kitu kinachofanana na kizimba cha waya. Nashuku kwamba anazalisha mbwa kwa wingi kwenye mabanda yenye hali mbaya, lakini sijui anakoishi wala sijaona banda lolote kwa macho yangu. Je, ninaweza kutoa taarifa kwa shaka tu? Nimpelekee nani? Nijifanye mnunuzi kwa mara nyingine ili nipate anuani yake? Na yule mgonjwa, ingekuwa afadhali ningemnunua nikamkimbiza kwa daktari?

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu muulizaji, shaka yenye sababu inatosha kabisa kutolea taarifa, kwa kuwa kuthibitisha ni kazi ya mwenye mamlaka ya kuingia, kukagua na kuwachukua mbwa, na mamlaka hayo wewe huna wala hutakiwi kuyatafuta. Nimepokea taarifa za namna hii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Zilizokwama hazikukwama kwa sababu mtoa taarifa hakuliona banda. Zilikwama kwa kukosa uzi wa kumfikisha mkaguzi mlangoni. Mtu anaandika, “Kuna watu wanatesa mbwa na kuwauza mtandaoni, chukueni hatua,” kisha anaambatisha kiungo cha tangazo ambalo muuzaji amekwisha kulifuta. Mkaguzi atashika wapi?

Kwa hiyo jambo la kwanza, na lifanyike kabla ya jingine lolote, ni kuhifadhi. Piga picha za skrini za kila tangazo, zionyeshe tarehe, namba ya tangazo, jina la akaunti, namba ya simu na maelezo yote mpaka mwisho. Nakili kiungo kamili. Hifadhi mazungumzo yenu yote pamoja na ujumbe wa sauti. Na ile video iache kama ilivyokuja, bila kuikata wala kuiongezea maandishi. Usianze kwa kubofya kitufe cha kuripoti kwenye tovuti ya matangazo. Wengi huanzia hapo kwa nia njema, tangazo linaondolewa upesi, muuzaji anatambua kwamba kuna mtu anamfuatilia, na muda si mrefu anarudi kwa jina jipya. Tovuti lazima iarifiwe, lakini baada ya mamlaka kuipokea taarifa yako. Na utakapoiarifu, iombe isifute kumbukumbu za akaunti hiyo, kwa sababu huenda wachunguzi wakazihitaji kwa utaratibu wa kisheria.

Umesema hujui anakoishi, lakini unazo nyuzi zaidi ya moja. Namba ya simu unayo. Namba ya usajili wa gari alilokuja nalo ni uzi mwingine, kama uliiona. Ikiwa alikutaka utume malipo ya awali, jina na namba ya akaunti ya kupokelea fedha vina thamani kuliko picha kumi za mbwa. Ikiwa alikuonyesha kadi ya chanjo, mhuri wa kliniki uliomo unaweza kuulizwa kwenye kliniki yenyewe, na mara nyingine hapo ndipo inapogundulika kwamba kliniki hiyo haijawahi kumwona mbwa huyo. Ikiwa watoto wamewekewa chipu ya utambulisho, yaani kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, namba yake, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15, inaweza kuonyesha imeandikishwa kwa jina la nani, au kwamba haikuandikishwa popote, jambo ambalo nalo ni habari.

Unapoandika, tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na unachokidhani. “Niliona watoto watatu ndani ya katoni, manyoya ya tumboni yamelowa mkojo, mmoja hakuinua kichwa nilipomgusa” ni sentensi ambayo mkaguzi anaweza kuibeba mpaka mahakamani. “Niliambiwa mama yuko kwa ndugu” ni ya aina ya pili. “Nadhani ana vizimba vingi” ni ya tatu, nayo iandikwe vivyo hivyo, kwa neno “nadhani”. Msamiati wa ukali kama “mnyama huyu katili” hauongezi uzito wowote. Nilipokuwa kazini nilikuwa nauruka.

Taja pia hali ya mbwa kwa mahitaji yao. Fikra ya “uhuru tano” wa wanyama, iliyochipuka katika ripoti ya kamati ya Brambell nchini Uingereza mwaka 1965 na kuandikwa kwa utaratibu mwaka 1979, bado ndiyo mizani ya wakaguzi wengi: njaa na kiu, mahali pa kukaa, maradhi na maumivu, nafasi ya kuishi kwa tabia ya asili, hofu na msongo. Ukiyafuata hayo, mkaguzi atakuelewa haraka.

Kuhusu wa kumpelekea: chombo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini milango ni ileile, yaani ofisi ya mifugo au ya ustawi wa wanyama ya serikali za mitaa, polisi, na shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama lililosajiliwa. Anza na chenye mamlaka ya kuingia na kukagua. Kama kuna mbwa anayeonekana kuwa hatarini kufa sasa hivi, piga simu, usiandike barua pepe.

Na usijifanye mnunuzi. Unaweza kujihatarisha, unaweza kumshtua muuzaji, na ukiingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa unampa wakili wake hoja ya bure.

Daktari wa Wanyama Wadogo

Naongeza upande wa kitabibu, kwa sababu dalili ulizozieleza zina maana kuliko unavyodhani.

Kwanza, umri. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na siku 10 hadi 14 hivi, meno ya utoto huanza kuchomoza kuanzia wiki ya 3, na kwa kawaida anapofikia wiki 8 huwa na meno yote 28 ya utoto au karibu yote. Ukimfungua mdomo anayedaiwa kuwa na wiki 8 ukakuta magego ya utoto bado hayajatoka, una sababu ya kuuliza. Kumtenganisha mapema na mama yake si suala la huruma peke yake: kipindi cha kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14 ndicho ambacho mbwa hujifunza kuishi na wenzake na watu, na anayekipitisha kizimbani, au anayetolewa kwa mama kabla ya kujifunza kupima nguvu ya kuuma, mara nyingi hukua akiwa mwoga au mkali.

Pili, manyoya yaliyogeuka manjano. Mtoto hapati hali hiyo kwa kukaa ndani ya katoni wakati wa safari tu; aghalabu inaashiria kwamba amekuwa akilala juu ya matandiko yaliyolowa mkojo kwa muda. Kama ulisikia harufu kali inayochoma pua na macho, hiyo ni amonia, na iandike, kwa sababu inaeleza hali ya mahali ambapo hujapaona.

Tatu, yule asiyeinua kichwa. Sitamtibu kwa maandishi, lakini parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, lazima ifikiriwe. Dalili zake hujitokeza kwa kawaida siku 3 hadi 7 baada ya maambukizi, na ndiyo maana mtoto anaweza kuuzwa akionekana mchangamfu, kisha siku chache baadaye akaanza kutapika na kuhara damu nyumbani kwa mnunuzi, naye muuzaji akadai kwamba ugonjwa umepatikana huko huko. Kirusi chake hudumu kwenye mazingira kwa miezi mingi na sabuni nyingi za kawaida hazikiui. Kinachokiua ni dawa ya klorini iliyochanganywa kwa kipimo sahihi, baada ya uchafu kuondolewa. Kama una mbwa mwingine nyumbani, safisha viatu na nguo ulizokuwa nazo siku hiyo kabla hujamkaribia tena. Wadudu wa tumboni nao wasisahauliwe: minyoo aina ya Toxocara canis hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni na kupitia maziwa, na inaweza kuwaambukiza binadamu, hasa watoto. Ndiyo maana dawa huanza kutolewa mtoto akiwa na wiki 2 na kurudiwa kila wiki 2 katika miezi ya mwanzo. Kadi inayoonyesha dozi moja tu kwa mtoto wa wiki 8 inaniambia mengi kuhusu mfugaji.

Kadi yenyewe isomwe kwa makini. Chanjo za msingi huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16, kwa hiyo muuzaji anayesema mtoto wa wiki 8 “amemaliza chanjo zote” hasemi kweli.

Na ile orodha ya matangazo uliyoipata, ipange kwa tarehe. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na mbwa jike huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kuwa tayari kupandwa, takribani mara moja kila baada ya miezi 6 au 7, hivyo jike mmoja hata akipandishwa bila kupumzishwa hawezi kwa kawaida kuzaa zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Namba moja ya simu ikitangaza watoto wa aina kadhaa ndani ya mwezi mmoja, hesabu hiyo peke yake inaonyesha ama kwamba kuna majike wengi mahali fulani, ama kwamba huyo ni dalali anayekusanya watoto kutoka kwa wazalishaji mbalimbali. Vyote viwili ni vya kuchunguzwa.

Mlezi wa Majike

Ninawapokea majike wanaotolewa kwenye mabanda kama hayo, na nashukuru kwamba hatimaye wametajwa, kwa sababu mjadala wa namna hii huishia kila mara kwa watoto wazuri wa kwenye picha. Mtoto huondoka, mama hubaki. Wanaonifikia huwa na matiti yaliyoning’inia, kucha zilizojikunja, sugu kwenye viwiko kwa kulala juu ya sakafu ngumu, meno yaliyooza, na manyoya yaliyosokotana mpaka yanavuta ngozi. Wengine hawajui kukanyaga nyasi. Tafadhali, ndugu muulizaji, katika taarifa yako mtaje mama ambaye hukuonyeshwa, na useme wazi kwamba ulimwomba na ukanyimwa.

Ninatofautiana kidogo na wanaosema “usinunue kabisa” kana kwamba aliyenunua ni mshirika wa uovu. Aliyekwisha kununua asione haya kujitokeza: yeye ndiye mwenye risiti, mazungumzo, mtoto mgonjwa na cheti cha daktari, na hakuna shahidi anayemshinda. Na kusema kweli, sina moyo wa kumlaumu mtu aliyemwona mtoto anakata roho akatoa fedha.

Jambo ambalo sitalitetea ni kumwanika muuzaji hadharani. Nimeona kundi la watu wenye hasira wakisambaza picha na namba ya simu ya muuzaji mmoja. Wakaguzi walipofika walikuta sakafu imeoshwa na vizimba vitupu. Wale mbwa sikupata kujua walipelekwa wapi.

Mkaguzi Mstaafu

Dada yangu mlezi, kuhusu aliyekwisha kununua nakubaliana nawe moja kwa moja. Lakini kwa ambaye bado hajanunua, msimamo wangu ni kwamba asinunue, hata kama unaonekana mgumu. Fedha inayotolewa kwa huruma haina alama. Kwa muuzaji ni mauzo kama mengine, na nafasi ya mtoto aliyeondoka hujazwa na uzao unaofuata wa yuleyule mama. Anayemwona mgonjwa apige simu pale pale na kueleza kwamba kuna mbwa anayehitaji matibabu, atoe mahali na namba ya gari.

Aliyekwisha kununua na mtoto akaugua, amwombe daktari aandike hali aliyomkuta nayo, makadirio ya umri kwa meno, matokeo ya vipimo na tarehe. Ikitokea amekufa, mwili uwekwe kwenye baridi ya jokofu, usigandishwe, na uchunguzi ufanyike mapema, kwa sababu kugandisha huharibu tishu ambazo mchunguzi anahitaji kuzitazama.

Kuna mlango mmoja ambao watu huusahau: kodi. Anayeuza watoto wa mbwa mwaka mzima kwa majina tofauti, kwa fedha taslimu, ni nadra awe anatangaza mapato yake. Uingereza iliunda kikosi cha mamlaka ya kodi kwa ajili ya wafanyabiashara hao, na mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya pauni milioni 5 zilikuwa zimekombolewa tangu mwaka 2015. Mbwa hawezi kutoa ushahidi, lakini akaunti ya benki huutoa vizuri sana.

Mfugaji Mdogo

Naomba nizungumze kama mtu anayezalisha mbwa kihalali, uzao mmoja mara moja moja, na ambaye amewahi kushukiwa. Dalili moja peke yake haitoshi. Kuna wafugaji wema wasiokubali wageni waingie moja kwa moja mahali palipo na watoto ambao hawajakamilisha chanjo, na kuna wanaoogopa wezi, kwa sababu mbwa wa aina zinazotafutwa huibwa. Lakini mfugaji wa namna hiyo hatakukatalia kumwona mama. Atakuonyesha kwa simu ya video mubashara, atakupangia siku ya kuja watakapofikia umri unaofaa, atakuuliza maswali mengi kuliko utakayomuuliza, na hatakuharakisha kwa kusema amebaki mmoja tu. Katika kisa hiki tunaona mama asiyeonekana, mkutano wa maegeshoni, majina mengi kwa namba moja na watoto wachafu, vyote kwa pamoja, na hapo sina la kumtetea muuzaji.

Sheria pia ziangaliwe, kwa sababu kosa rahisi kuthibitisha mara nyingi ni la leseni. Nchini Uingereza, katika England, kanuni za mwaka 2018 zinamtaka anayezalisha na kuuza uzao 3 au zaidi kwa miezi 12 awe na leseni, namba ya leseni ionekane kwenye tangazo, na mtoto asiuzwe kabla ya wiki 8. Tangu Aprili 2020, sheria inayojulikana kama Lucy’s Law, iliyopewa jina la jike aliyeokolewa kutoka kwenye banda la uzalishaji mwaka 2013, imekataza wauzaji wa kati kuuza watoto wa chini ya miezi 6. Marekani inamtaka anayefuga zaidi ya majike 4 wa kuzalisha na kuuza watoto kwa wanunuzi wasiowaona ana kwa ana, kama vile kupitia mtandao, awe na leseni ya serikali kuu. Ufaransa ilizuia maduka ya wanyama kuuza mbwa na paka kuanzia Januari 2024. Na katika Umoja wa Ulaya, mtoto aliyevushwa mpaka kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine huwa, kwa kanuni ya kawaida, na angalau wiki 15, kwa kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa haitolewi kabla ya wiki 12 na lazima zipite siku 21 baada yake. Anayetangaza mtoto wa wiki 8 “aliyeletwa kutoka nchi jirani” katika eneo hilo anajishtaki mwenyewe. Kila mmoja atazame sheria ya kwao na kuitaja kwenye taarifa.

Muulizaji

Nawashukuru, nimehifadhi kila kitu na nimepanga matangazo kwa tarehe kama daktari alivyoelekeza. Namba ya gari inaonekana nusu kwenye picha niliyoipiga kwa bahati. Limebaki swali moja: ninaogopa muuzaji akijua ni mimi, kwa sababu namba yangu anayo. Je, nitoe taarifa bila kujitambulisha? Na nikishaitoa nikaona tangazo jipya, nianze upya?

Mkaguzi Mstaafu

Taarifa isiyo na jina hupokelewa, lakini mkaguzi hawezi kukurudia kwa swali, na wewe huwezi kuwa shahidi. Njia ya katikati ni kujitambulisha kwa ofisi na kuomba kwa maandishi kwamba jina lako lisitolewe kwa mtuhumiwa. Uliza wanaweza kukulinda mpaka hatua gani, maana kesi ikifika mahakamani ulinzi huo unaweza kuwa na kikomo. Hiyo namba nusu itume pamoja na rangi na aina ya gari. Muuzaji akikupigia, usimjibu wala usimzuie bado, ili ujumbe wake mpya, kama upo, nao uhifadhiwe. Lakini akikutishia, hilo ni la polisi moja kwa moja.

Usianze upya. Omba namba ya kumbukumbu siku unayotoa taarifa, na kila tangazo jipya ulitume chini ya namba hiyohiyo, kwa sababu taarifa tano zenye namba tano tofauti huweza kugawiwa kwa maofisa watano, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba muuzaji ni yuleyule.